Maneno Mawili Yanapoungana

Msomaji, naomba nianze na kosa langu mwenyewe. Nilikuwa katika mwaka wangu wa pili wa ualimu, kijana niliyetoka chuoni si siku nyingi, nikiamini kwamba kila neno lina maana moja iliyo sahihi, na kwamba kazi yangu ni kuilinda maana hiyo kama bawabu alindavyo mlango. Jioni moja niliwapa wanafunzi wa kidato cha kwanza maneno kumi, wayaeleze pasipo kufungua kamusi. Yalikuwa maneno ya kuungwa, yaani yale yanayozaliwa kwa maneno mawili kushikana: garimoshi, kifungua mimba, mwanamaji, kiinua mgongo, askari kanzu, na mengine ya namna hiyo.

Siku ya pili nilikusanya madaftari. Mvulana mmoja mpole, ambaye kwao ni mbali sana na pwani, alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri kwamba askari kanzu ni padri wa jeshi. Nilicheka. Lau ningalicheka peke yangu katika chumba cha walimu, jambo lingalikwisha palepale. Lakini nilisimama mbele ya darasa, nikalisoma jibu lile kwa sauti, na darasa zima likacheka pamoja nami. Kisha nikaeleza kwamba askari kanzu ni mpelelezi, yule asiyevaa sare ili asitambuliwe, nikatia alama nyekundu ya kosa, nikaendelea na neno lililofuata. Mvulana yule hakuinua mkono tena katika somo langu muhula wote uliobaki.

Sikulifikiri sana jambo hilo mpaka miaka michache baadaye, nilipokutana na lugha isiyo na kabila wala kijiji. Mwenzangu mmoja afundishaye hesabu aliniazima kitabu kinene cha sarufi, akaniambia kwa mzaha kwamba huenda kikatufundisha sisi walimu wa lugha kusema mambo waziwazi. Lugha yenyewe huitwa Lojban, na kitabu kiliandikwa na John Woldemar Cowan, kikatolewa mwaka 1997.

Asili yake ni Marekani. Mwaka 1955 mwanazuoni wa elimu ya jamii, James Cooke Brown, alianza kutunga lugha aliyoiita Loglan. Alitaka kuipima rai inayohusishwa na majina ya Edward Sapir na Benjamin Lee Whorf, kwamba lugha aisemayo mtu huielekeza fikira yake. Aliwaza hivi: tukitunga lugha inayofuata kanuni za mantiki, kisha watu wakaizoea, tutaweza kuona kama fikira zao zimebadilika. Mwezi wa Juni mwaka 1960 aliieleza kazi hiyo katika gazeti la Scientific American, na watu wengi wakavutiwa. Baadaye ukatokea ugomvi juu ya nani mwenye haki juu ya lugha hiyo, na mwaka 1987 baadhi ya wafuasi wakaanza kuijenga upya kwa msamiati mwingine. Hiyo ndiyo Lojban. Kuhusu ile rai ya kwanza, mimi sioni kwamba lugha hii imeithibitisha wala kuivunja. Lakini imetufundisha jambo jingine ambalo huenda Brown hakulitafuta.

Msamiati wake una maneno ya mizizi yapatayo 1,350, kila moja lina herufi tano, na sauti zake zilichanganywa kutoka katika lugha kubwa sita: Kichina, Kiingereza, Kihindi, Kihispania, Kirusi na Kiarabu. Neno lao la shule ni ckule, na herufi c husomwa kama sh yetu, kwa hiyo ukilisema kwa sauti utahisi kana kwamba Mswahili amejikwaa kidogo. Si ajabu sana, maana shule yetu nayo tuliipata kwa Wajerumani, nao ni jamaa wa karibu wa Waingereza kwa lugha.

Fahari kubwa ya Lojban ni kwamba sentensi yake haiwezi kuchanganuliwa kwa njia mbili. Mimi nikisema, «Nilimwona mtoto wa mwalimu aliyekuja jana,» wewe hujui kama aliyekuja ni mtoto au ni mwalimu. Katika Lojban huwezi kusema hivyo na kuacha mambo yakining'inia. Sarufi itakulazimisha kuonyesha sifa ile inamwangukia nani, na hata kompyuta isiyo na akili ya kibinadamu itaweza kueleza kila neno limeshikana na lipi. Niliposoma habari hizo nilifurahi. Nikajisema moyoni: hii ndiyo lugha niliyokuwa nikiitamani darasani. Hapa hapatakuwa na padri wa jeshi.

Ndipo nikafika kwenye sura inayoeleza jinsi maneno mawili yanavyowekwa pamoja.

Mfano utumikao sana ni huu. Gerku ni mbwa. Zdani ni nyumba, au kiota, au pango, yaani makao ya kiumbe. Ukiyaweka pamoja, gerku zdani, unapata kile wanachokiita tanru. Sarufi inakuhakikishia jambo moja tu: kitu kinachosemwa ni zdani ya namna fulani, na namna hiyo ina uhusiano na gerku. Uhusiano gani? Hapo sarufi hunyamaza. Yamkini ni kibanda cha kulala mbwa. Yamkini ni nyumba ya watu yenye mbwa wengi uani. Yamkini ni nyumba iliyojengwa kwa umbo la mbwa, au iliyochorwa mbwa mlangoni, au ile ambayo zamani aliishi mtu mwenye mbwa mkali na jina likabaki baada ya mbwa kufa. Yote hayo ni gerku zdani sahihi. Lugha iliyoapa kutoacha shaka katika sarufi imeacha mlango huu wazi makusudi.

Nilishangaa, msomaji, lakini mshangao wangu ulikwisha nilipogeukia lugha yangu mwenyewe. Sisi tuna kiungo kidogo, kile cha ya, wa, cha na la, nacho kinabeba mzigo uleule bila kulalamika. Chukua neno dawa. Dawa ya kikohozi huondoa kikohozi. Dawa ya mtoto haimwondoi mtoto. Dawa ya mitishamba imetengenezwa kwa mitishamba, dawa ya meno hupigiwa mswaki, na dawa ya mbu, ingawa sarufi yake ni sawasawa na ya dawa ya mtoto, haijanunuliwa na mtu yeyote kwa nia ya kumponya mbu. Muuza duka hakuelezi haya. Anakupa kopo, unalipa, unaondoka. Kiungo ni kilekile, na uhusiano umebadilika mara tano. Nyinyi wawili mmeujua kwa sababu nyote mmeishi katika nchi yenye mbu.

Tazama pia shule. Shule ya udereva hufundisha udereva. Shule ya wasichana haifundishi usichana. Shule ya bweni haifundishi bweni wala haifundishi mabweni. Mgeni aliyejifunza sarufi yetu yote, akajua ngeli na nyakati bila kukosea, bado hawezi kuyatenganisha haya kwa sarufi peke yake. Lazima awe ameiona shule.

Na kwa kuwa nimetaja shule, nitaeleza jambo moja ambamo Lojban na Kiswahili hushindana, na mimi naona sisi hatukushindwa vibaya. Wanao mfano wao wa siku nyingi: cmalu nixli ckule. Cmalu ni -dogo, nixli ni msichana, ckule ni shule. Je, wadogo ni wasichana, au ndogo ni shule? Kanuni yao husema kwamba maneno mawili ya kwanza ndiyo hushikana kwanza, kwa hiyo hii ni shule ya wasichana wadogo. Ukitaka shule ndogo ya wasichana, utatia neno fupi bo katikati ya nixli na ckule ili hayo mawili yaungane kabla ya la kwanza. Sisi hatuna haja ya bo. Tunasema wadogo au ndogo, na zile ngeli ambazo wanafunzi hunilalamikia kila mwaka zinafanya kazi bila kelele. Hata hivyo tusijisifu mno. Nikikuagiza uniletee kifuniko cha kikombe kikubwa, ngeli zimelala usingizi, na wewe utasimama jikoni usijue kikubwa ni kipi.

Lakini hata bo, hata ngeli, hueleza tu nani ameshikana na nani. Hazielezi wameshikana kwa ajili gani.

Kwa nini watu waliokuwa makini namna ile waliacha pengo hili? Sababu ni kwamba hawakuwa na njia nyingine. Mizizi 1,350 haitoshi kutaja vitu vyote vya duniani, basi lazima maneno yaungane. Na njia za vitu viwili kuhusiana hazina hesabu. Kitabu kile kinajaribu kuzipanga katika mafungu, kwa mifano iliyookotwa katika Kichina, Kihungari, Kituruki, Kifini na lugha nyingine: kitu na kile kilichokitengeneza, kitu na mtumiaji wake, kitu na mahali pake, na kadhalika. Nilizisoma kurasa hizo kwa furaha kama mtu apitaye sokoni, lakini zilipokwisha niliona wazi kwamba soko halikufungwa. Kesho mtu ataunganisha maneno mawili kwa uhusiano ambao haumo katika fungu lolote, na mwenzake ataelewa.

Jambo lililonigusa kuliko yote ni dogo sana, na ungeweza kulipita. Katika Lojban kila mzizi una nafasi zake zilizopangwa. Klama, kwa mfano, maana yake ni kwenda au kuja, nalo lina nafasi tano: aendaye, aendako, atokako, njia aipitayo, na chombo achotumia. Neno tanru lenyewe ni mzizi, nalo lina nafasi tano vilevile. Ya kwanza ni tanru hiyo, ya pili ni neno linaloongeza sifa, ya tatu ni neno linaloongezewa, ya nne ni maana inayopatikana. Na ya tano? Ya tano ni tukio, yaani ile mara moja ambayo maneno hayo yametumika. Watungaji wa lugha walipokaa kueleza maana ya kuunganisha maneno, hawakuandika kwamba neno hili na lile huzaa maana fulani, basi. Waliandika kwamba huzaa maana fulani katika matumizi fulani. Nafasi ya tano ndiyo niliyoisahau siku ile nilipoandika maneno kumi ubaoni, yamesimama peke yake kama watu waliopotezwa njiani, nikadai maana.

Utasema: lakini haiwezekani kwamba kila mara tuulizane upya nyumba ya mbwa ni nini. Kweli. Kwa sababu hiyo Lojban ina hatua ya pili. Tanru ikitumiwa mara nyingi kwa maana moja, watu huikata na kuibana iwe neno moja, nalo huitwa lujvo. Kila mzizi una vipande vifupi vya kazi hiyo. Gerku hutoa ger, zdani hutoa zda, na tunapata gerzda. Huyu si tanru tena. Gerzda ina maana moja iliyowekwa, kibanda akaacho mbwa, na sababu ya kuchagua maana hiyo inaonekana katika nafasi za zdani: ya kwanza ni makao, ya pili ni mwenye kukaa humo. Mbwa amewekwa katika nafasi ya mkaaji, na mambo yakakaa sawa. Nyumba yenye umbo la mbwa itatafutiwa jina lingine.

Jina la lugha yenyewe nalo limeungwa kwa vipande vya namna hiyo. Logji ni mantiki, bangu ni lugha. Vipande vyake ni loj na ban. Lugha ya mantiki. Je, ni lugha iliyojengwa kwa mantiki, au ya kufundishia mantiki, au ya wanamantiki wanapoongea peke yao? Jina halisemi. Wanaoitumia wanajua, kwa kuwa wanajua habari niliyokueleza juu ya Brown na mwaka 1955; sasa wewe nawe unajua, basi jina limekuwa wazi kwako ingawa herufi zake hazikubadilika.

Ningependa ukitazame kwa makini kisa kimoja, maana ndani yake tutaona lugha tatu zikikabili tatizo moja. Kitabu cha Lewis Carroll cha mwaka 1865, kile cha msichana Alice, kilitafsiriwa kwa Kiswahili mwaka 1940 kwa jina la Elisi Katika Nchi ya Ajabu. Kimetafsiriwa pia katika Lojban, na nchi ile imeitwa selmacygu'e. Gu'e ni kipande cha gugde, nchi. Mac ni kipande cha manci, kustaajabu. Na manci ina nafasi ya kwanza ya mwenye kustaajabu, na ya pili ya kile kinachostaajabiwa. Kama mfasiri angaliweka manci na gugde tu, msomaji mkali angaliweza kuwaza nchi inayostaajabu, nchi iliyokaa imeduwaa. Kwa hiyo ametanguliza sel, ambayo kazi yake ni kugeuza nafasi ya kwanza na ya pili, na sasa nchi imekuwa ni ile inayostaajabiwa. (Ile y imetiwa ili ulimi usikwame.) Sisi tulisema nchi ya ajabu, tukanyamaza, na sijui mtoto wa Kiswahili aliyepotea njia kwa sababu hiyo.

Naipenda juhudi ile ya mfasiri, wala siicheki. Imetuonyesha pengo lilipokuwa. Lakini angalia: hata baada ya kugeuza nafasi, neno halikusema ni nani astaajabuye. Nafasi ile imeachwa tupu, na Lojban huruhusu nafasi kuachwa tupu. Ina hata neno zima, zo'e, la kusimama mahali pa kitu ambacho hakitajwi kwa kuwa ni dhahiri au si muhimu. Msomaji huijaza mwenyewe: astaajabuye ni Alice, na baada yake ni mimi. Pengo limezibwa upande mmoja, nalo limefunguka upande wa pili, dogo zaidi, lakini lipo.

Nani basi huamua lujvo fulani iwe na maana gani? Watu. Wapo wasemaji wa Lojban waliotawanyika katika nchi nyingi, nao wana kamusi yao katika intaneti iitwayo jbovlaste, jina ambalo pia ni vipande vitatu vilivyoungwa: -a Lojban, neno, orodha. Mtu huweka humo neno lake na maelezo yake, na wengine hupiga kura juu ya maelezo hayo. Mwanzoni kura ilinichekesha. Nilidhani lugha ya mantiki ingekuwa na hakimu mwingine. Kisha nikafikiri kwamba kifungua kinywa nacho kilipigiwa kura, ingawa hakuna aliyeandika matokeo. Ama sivyo tungejuaje kwamba kifungua chupa ni chombo, kifungua kinywa ni chakula, kifungua mimba ni mtoto wa kwanza, na kifungua mkoba ni malipo ya mganga? Maneno manne yamejengwa kwa mbao zilezile na misumari ileile. Aliyekula, aliyezaliwa na aliyekwenda kwa mganga ndio walioyatenganisha.

Wasemaji hao wana pia neno la kukemea, malglico. Limetoka katika mabla, neno la kudharau, na glico, -a Kiingereza. Humrushia mwenzao aliyechukua usemi wa Kiingereza akaumimina katika Lojban kama ulivyo. Waingereza na Wamarekani, kwa mfano, huita soseji iliyotiwa ndani ya mkate «mbwa moto». Mtu akiweka glare, -a moto, mbele ya gerku, akatumaini kuletewa chakula, msikilizaji wa China au Urusi ana haki ya kumtafuta mbwa mwenye homa. Aliyesema hakusema uongo wala hakuvunja sarufi. Alisahau tu kwamba soseji haikuwa ndani ya maneno. Ilikuwa mtaani kwao, katika vibanda vya kuuzia chakula, naye alikua akiiona tangu utotoni hata akadhani imo katika maneno.

Nasi tungefanya vivyo hivyo. Jaribu kumpelekea mgeni jua kali kwa lugha yoyote, umwambie kwamba sufuria hii imetengenezwa na jua kali. Atatazama juu. Hawezi kuwaona mafundi waliokaa kando ya barabara bila paa, wakipiga bati kwa nyundo toka asubuhi, ambao jua limekuwa jina la kazi yao.

Hapo nilikiweka kitabu cha mwenzangu mezani, maana nilikuwa nimemkumbuka yule mvulana.

Fikiri alivyofanya. Alikuta maneno mawili, askari na kanzu. Alijua kwamba la kwanza ndilo kichwa katika Kiswahili, kwa hiyo akaanza na askari, kama inavyotakiwa. Kisha akatafuta askari anaweza kuhusiana na kanzu kwa njia gani, akajibu kwamba huivaa. Mpaka hapo alikuwa sahihi kabisa. Halafu akajiuliza ni nani avaaye kanzu, na kwao, mbali na bahari, avaaye kanzu ni padri aliyesimama altareni siku ya Jumapili. Askari avaaye kanzu ni nani basi, kama si padri wa jeshi? Na majeshi yana mapadri, wala si jambo la kubuni.

Mahali ambapo wanaume huvaa kanzu sokoni na barazani, askari aliyevua sare akavaa kanzu amezama katika umati. Ukiwa na picha hiyo machoni, neno lina akili. Usipokuwa nayo, hulipati hata ukilichambua usiku kucha. Na picha yenyewe imekwisha kufifia, kwa sababu mpelelezi wa leo huko Nairobi amevaa suruali na koti. Jina limebaki, nguo imebadilika, kama garimoshi linavyobaki katika vitabu vyetu ingawa treni ya abiria iliyoanza safari katika reli mpya ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017 haivutwi na injini ya mvuke. Mimi nililijua neno askari kanzu kwa sababu niliambiwa. Sikulifumbua. Tofauti yangu na yule mvulana haikuwa akili; ilikuwa kwamba mtu fulani alikwisha kunieleza, na baada ya kuelezwa nikajiona kana kwamba nilizaliwa nikijua.

Nilitaka kumwambia hayo, lakini mwisho wa ule mwaka wa kosa langu alikuwa amehamia shule nyingine pamoja na wazazi wake, na daftari lake lenye alama yangu nyekundu alikwenda nalo.

Tangu hapo zoezi lile nimelibadilisha. Siandiki tena maneno matupu ubaoni. Kila neno nalitia katika sentensi, na kila sentensi naitia katika kisa kifupi. Zaidi ya hayo, huwaomba wanafunzi waniletee kutoka nyumbani kwao neno la kuungwa ambalo wanadhani mimi silijui, nami ndiye nijaribiwaye.

Muhula uliopita msichana mmoja alileta neno hili: sufuria ya mvua. Nilifurahi, nikaona ni jepesi. Nikasema ni sufuria ya kukingia maji ya mvua ya kunywa. «La, mwalimu.» Nikasema, basi ni ile ya kupikia ndani ya nyumba wakati wa masika, kuni za nje zinapolowa. «La, mwalimu.» Nikakisia mara ya tatu, nikasema labda ni sufuria mbovu iliyoachwa uani ikinyeshewa, na darasa likaanza kucheka, safari hii likinicheka mimi.

Alipoona nimeshindwa akaeleza. Kwao kuna bati lililotoboka juu ya kitanda cha nyanya yake. Mvua ikianza usiku, yeye ndiye huamka kuleta sufuria na kuiweka kitandani karibu na miguu ya nyanya, kisha hukaa macho ili aimwage kabla haijajaa. Si lazima iwe sufuria moja maalumu. Yoyote iliyo safi usiku huo ndiyo sufuria ya mvua.

Kicheko kilikwisha. Nililiandika neno lake ubaoni, na mbele yake, mahali ambapo zamani ningeliandika maana peke yake, niliandika pia: kwao, usiku, mvua inyeshapo.